Saa ya Kugeuka

Chama cha wapanda milima cha Tsugamine kilikuwa na sheria moja tu isiyojadiliwa, na aliyeitunga ni Heikichi Nirasawa. Kila safari ina saa ya kugeuka. Saa hiyo huandikwa kwa wino, jioni ya kuamkia safari, mezani, watu wakiwa wameshiba na miguu yao ina joto. Mwandishi huwa mmoja. Akishaandika, wenzake hawana la kusema, na yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuibadilisha akiwa mlimani. Ikifika, mnageuka, hata kama kilele kiko umbali wa kurusha jiwe.

"Kule juu," Nirasawa aliwaambia wanachama wapya kila mwaka, "kila mtu hupata kwenye hesabu kosa analolitafuta."

Sheria hiyo ilikuwa imemnyima mwenyewe mlima Onigashira mara tano.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, fundi wa paa aliyestaafu, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko alivyostahili. Onigashira aliupanda wakati wa kiangazi mara nyingi, kwa miguu, kama watu wote wa bonde lile. Hilo hakulihesabu. Alichotaka ni kuupanda kwa ski, mbao ndefu za kutelezea theluji, mwezi wa Aprili, kupitia bonde la magharibi, kisha kushuka kwa ski kutoka kileleni kupitia shimo pana la theluji ambalo wanachama waliliita Bakuli. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa amejaribu mara tano. Mara mbili alicheleweshwa na ukungu, mara moja na upepo, mara moja ski ya mwenzake ilivunjika kishikizo. Mara ya tano saa ya kugeuka ilimkuta amebakiza dakika kumi na mbili tu kufika.

Jumatano iliyofuata goti lake la kulia lingeondolewa, awekewe la chuma. Daktari hakuzunguka. Baada ya upasuaji angeweza kutembea, na pengine kuteleza kwenye viwanja laini vyenye lifti. Kupanda mita elfu moja na mia sita akiwa na mzigo mgongoni, asahau. Kwa hiyo Jumamosi ile ya katikati ya Aprili ilikuwa ya mwisho, na kila mtu chamani alijua. Nirasawa alimwomba Minori Kuga aende naye, na aandike saa.

Minori alikuwa na miaka arobaini na sita na alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya mjini. Kila alichokijua kuhusu theluji alikipata kwa Nirasawa, ndiyo maana alimwita Mwalimu ingawa mwenye kazi hiyo alikuwa yeye. Nirasawa alimwita Kuga, na akitaka kumchokoza, Profesa.

Ijumaa jioni walikaa jikoni kwa Nirasawa. Mkewe, Shizue, aliondoa vyombo, akaweka chai na figili za chumvi. Minori akatandaza ramani ya serikali kwa ajili ya vimo, na juu yake mchoro wa bonde la magharibi ambao Nirasawa aliuchora kwa mkono zamani, miamba na mabwawa ya theluji yametiwa kivuli kwa penseli. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Theluji ya Aprili huganda usiku ikawa ngumu kama sakafu. Jua likiipiga, hulainika juu unene wa kidole kimoja au viwili, na hapo ndipo mtelezaji anapopata pepo yake. Likiendelea kuipiga, maji hupenya hadi chini na mteremko mzima huweza kuachia na kuporomoka. Swali ni moja: mteremko unatazama wapi? Unaotazama mashariki huiva mapema, wa magharibi huchelewa.

Minori aliweka dira juu ya Bakuli, akasoma: kusini-mashariki. Akapiga hesabu kurudi nyuma kutoka saa ambayo mteremko huo ungeanza kuachia. Akaandika kwa wino kwenye fomu ya safari.

"Saa tano na dakika arobaini," alisema.

Nirasawa aliinua kikombe, akanywa. "Haya."

"Na hizo dakika arobaini ni za kukata kwa kisu?" Shizue aliuliza. "Si ungemwongezea hata tano, naye ajione mtu?"

"Theluji haijui kama ni mtu, mama."

"Hata mimi nimeishi naye miaka arobaini na minne, bado sina hakika," Shizue alisema, akachukua nakala ya fomu na kuibandika kwenye friji kwa sumaku. Ilikuwa kazi yake. Wasipopiga simu kufikia saa kumi na moja jioni, yeye angewapigia polisi, na asingengoja hata dakika moja ya heshima.

Walianza saa kumi na nusu alfajiri kwa taa za kichwani. Ngozi za kupandia, zile tepe zenye vinyweleo vinavyozuia ski kurudi nyuma, zilikwaruza ganda la theluji kwa sauti ya mtu anayepiga mswaki. Minori aliipenda sauti hiyo kuliko muziki wowote, na hakuona haja ya kueleza kwa nini. Watu walipomuuliza anatafuta nini milimani, walitarajia aseme uhuru au utulivu. Yeye alijua anachokipata. Mlimani jibu baya lilionekana siku hiyo hiyo. Shuleni mwanafunzi aliweza kukosea kanuni ya msuguano akaishi nayo salama mpaka uzee. Hapa, ukikosea msuguano, ulijikuta umekaa kitako mita thelathini chini ya mwenzako. Kisha kulikuwa na kushuka. Saa sita za kukusanya kimo, hatua kwa hatua, halafu kukitumia chote kwa dakika arobaini. Hakujua jambo jingine maishani ambalo gharama na raha yake viliweza kupimwa kwa kizio kimoja, mita.

Nirasawa alipanda polepole, akiuburuta kidogo mguu wa kulia. Kila saa Minori aliandika kimo daftarini. Alikuwa amekadiria mita mia mbili sitini kwa saa. Walikuwa wakipata mia mbili na kumi.

"Unaniandika nini hapo, Profesa?"

"Mwendo."

"Nimefaulu?"

"Hujafaulu."

"Basi niandikie 'ana bidii'. Ndivyo mnavyowaandikia watoto wasiofaulu."

Saa tano na dakika kumi walifika chini ya Bakuli. Mbingu ilikuwa tupu, upepo hakuna. Wanafunzi wanne wa chuo kikuu, wenye ski nyepesi na mapafu ya farasi, waliwapita wakiinamisha vichwa kwa adabu. "Samahani, tunatangulia." Nirasawa akawajibu kwamba barabara si ya baba yake. Kilele kilionekana chote, na nguzo ya mbao iliyoegemea upande juu yake. Zilikuwa zimebaki mita mia moja na themanini.

Dakika kumi na mbili baadaye Minori alisimama kunywa maji. Alichomeka fimbo zake kwenye theluji, akaona kivuli.

Kwa saa ile jua lilikuwa karibu kusini kabisa, kwa hiyo kivuli cha fimbo kilielekea kaskazini. Kama Bakuli lingekuwa linatazama kusini-mashariki, mtu aliyeangalia juu ya mteremko angekiona kivuli upande wake wa kulia. Kilikuwa kushoto.

Alitoa dira. Sindano ilitulia. Bakuli lilikuwa linatazama kusini-magharibi.

Kosa lake alilijua papo hapo, na masikio yakamwaka moto. Wakongwe wa chama hawakuchora kama serikali inavyochora. Walichora kama mtu anavyoona akipanda: anakokwenda kuko juu ya karatasi. Bonde la magharibi hupandwa kuelekea mashariki, hivyo juu ya mchoro wa Nirasawa palikuwa mashariki. Yeye aliusoma kana kwamba juu ni kaskazini. Jambo ambalo angemfokea mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Aliisukuma fimbo moja chini. Ilizama vidole viwili ikagonga pagumu. Theluji ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kulainika. Mteremko wa kusini-magharibi ungekuwa salama hadi saa saba na nusu, labda na zaidi. Kwa mwendo wa Nirasawa wangefika kileleni saa sita na robo, na kuwa nje ya Bakuli kabla ya saa saba. Saa yake ya wino ilikuwa imekosea kwa zaidi ya dakika arobaini, na kilele kilikuwa ndani ya dakika hizo.

"Kuga," Nirasawa alisema nyuma yake, akihema. "Saa yako inakimbia."

"Inakwenda sawa na redio."

"Nitakupa shoka langu la barafu. Lile la zamani, lenye mpini wa mti."

"Ulishanipa mwaka juzi."

"Basi nirudishie, nikupe tena."

"Panda, Mwalimu. Bado dakika kumi na tano."

"Goti linasema liko tayari."

"Na kwa daktari lilisema hivyo hivyo?"

Mzee alicheka, akapita mbele yake. Minori alifuata nyuma akihesabu, si hatua, bali ukweli aliokuwa nao. Kivuli kilikuwa kweli. Dira ilikuwa kweli. Theluji ilikuwa kweli. Alikuwa mtu wa kuamini hayo kuliko maneno ya mtu yeyote, na sheria ni maneno ya mtu.

Lakini hakuweza kuacha swali moja. Kivuli kile kilikuwa hapo tangu jua lilipovuka ukingo. Kwa nini alikiona sasa? Siku ambazo hesabu ilimpa alichotaka, hakuwahi kuzungusha fimbo kuikagua. Saa nzima iliyopita alikuwa anamtazama mzee akiburuta mguu, na moyoni akiomba apate sababu, na sababu ikaja imevaa nguo za fizikia. Kosa hilo moja lilimfaa. La mwendo halikumfaa: alikadiria mia mbili sitini, wamepata mia mbili na kumi, na goti lililopanda hivyo lingeshuka vipi? Hilo hakulisahihisha kwa furaha. Na mangapi mengine hakuyaona kwa sababu hakuyatafuta? Mezani jana alikuwa mjinga kuhusu mchoro, ila hakuwa na upande. Hapa alikuwa na akili zake zote, na upande.

Angeweza kumwambia. Angesema, Mwalimu, nimekosea, Bakuli linatazama kusini-magharibi, tunao muda. Kisha wawili wanaokitaka kilele wangekaa kujadili kama kilele kinafaa kufikiwa.

Saa mkononi ilitetemeka. Saa tano na dakika arobaini.

"Tunageuka," alisema.

Nirasawa alisimama bila kugeuza kichwa. Juu, wanafunzi walikuwa wamefika kwenye nguzo, doa moja jekundu na matatu ya samawati.

"Sema tena."

"Tunageuka, Mwalimu."

Aliitazama nguzo mara moja. Kisha akainama, akazibandua ngozi kutoka kwenye ski, akazikunja gundi kwa gundi, taratibu, kama mtu anayekunja shuka la mgeni aliyekwishaondoka. "Haya," alisema. "Mteremko ni mteremko, hauulizi umetoka wapi."

Walishuka. Theluji ilikuwa nzuri kupita kiasi, juu laini na chini imara, na ski ziliuma na kuachia kama zimefunzwa. Nirasawa aliteleza kwa mtindo wa kale, miguu pamoja, mikono chini, akikata kona za kushoto ndefu na za kulia fupi, maana za kushoto ndizo zilizomwelemea mguu mbovu, naye hakutaka mtu aone anazikwepa. Minori aliona. Mara moja mzee alipiga ukelele wa raha, na mara hiyo Minori alikaribia kusema. Hakusema.

Saa saba kasoro dakika kumi walikuwa wamekaa kwenye bega la chini wakila matonge ya wali yenye tunda chachu katikati. Bakuli lote lilikuwa mbele yao. Wanafunzi wakashuka mmoja mmoja kutoka kileleni, wakaandika mistari minne iliyofanana, mirefu, isiyokatika. Hakuna theluji iliyosogea. Hata kipande cha ukubwa wa meza.

"Wana mwandiko mzuri," Nirasawa alisema, akatema kokwa.

Simu ilishika mtandao kwenye maegesho. Minori alipiga.

"Tumeshuka, mama. Wote wazima."

"Kilele?"

"Hapana."

"Mwambie apite dukani aniletee tofu. Mbili. Na asijifanye amesahau kwa sababu ya huzuni."

Siku kumi baada ya upasuaji Minori alikwenda hospitali. Alikuwa na mchoro ndani ya bahasha, na hotuba fupi aliyoipanga. Nirasawa alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto, Shizue kando yake akimenya tufaha. Ukutani palikuwa na karatasi ya mtaalamu wa mazoezi: goti linatakiwa kukunjika digrii tisini.

"Amefika themanini na nne," Shizue alisema. "Jana aliniambia ni themanini na nane. Nikampima mwenyewe."

"Kwa kipimo gani?" Minori aliuliza.

"Cha mjukuu, cha shule."

"Profesa, msiwape watoto silaha huko shuleni," Nirasawa alisema. "Keti. Umekuja na uso wa mtihani."

Minori alitoa mchoro, akautandaza juu ya blanketi. Alieleza kila kitu kwa mpangilio: dira mezani, juu ya karatasi isiyo kaskazini, kivuli upande wa kushoto, vidole viwili vya theluji laini, dakika arobaini na zaidi. Alisema alilijua kosa dakika kumi na nane kabla ya kugeuka na hakumwambia. Alisema kilele kilikuwa cha mzee siku ile na yeye ndiye aliyemnyima. Aliinamisha kichwa hadi kikakaribia mchoro.

Kisu cha Shizue kilisimama juu ya tufaha.

"Kumbe ulikiona kivuli," Nirasawa alisema. "Nilikuwa najiuliza."

Minori aliinua kichwa.

"Mchoro ni wangu, Kuga. Nilikuona ukiweka dira juu yake vibaya. Ulipoandika, nilikuwa nakutazama."

"Ukafanya nini?"

"Nikanywa chai."

"Wewe mzee!" Shizue alisema. "Ulijua tangu jikoni?"

"Mwenye kutaka hasahihishi. Nimewaimbia hilo miaka thelathini. Ningesema 'Profesa, geuza karatasi', ile saa isingekuwa yako, ingekuwa yangu, na mimi nilikitaka kile kilele mpaka meno yakiniuma."

"Lakini nambari ilikuwa ya uongo," Minori alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Sheria haifanyi kosa liwe sahihi. Na kama ningekosea upande wa pili? Kama ningekupa dakika arobaini za kutuua?"

"Upande huo ningekumwagia hiyo chai kichwani. Kosa la kukunyima halina haraka, linaweza kungoja." Aliusogeza mguu, akakunja uso. "Na mlimani nilikupa shoka, nikakupa goti. Hesabu sikukugusia. Ningekugusia, ungekuwa na jibu la kunikatalia?"

Minori alifikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. "Sijui," alisema. "Nadhani ningekubali."

"Nami nadhani hivyo."

Shizue aligawa tufaha vipande vitatu bila kuuliza nani anataka. "Miaka ishirini na miwili," alisema, si kwa mtu yeyote hasa. "Na wote wawili mlijua." Akampa mumewe kipande kikubwa zaidi.

Walikula. Kisha Nirasawa akauliza nguzo ya kileleni imeegemea upande gani, maana kutoka chini hakuweza kuona vizuri. Minori alisema hajui, hajawahi kufika huko kwenye theluji.

"Theluji ya Bakuli itadumu mpaka lini?"

"Wiki mbili. Labda siku kumi na sita."

"Basi nenda na Ishigooka. Yule daktari wa meno ana miguu, ingawa hana maongezi. Jumamosi. Lete fomu."

Fomu Minori alikuwa nayo, daima alikuwa nayo, kwenye mfuko wa nyuma wa daftari. Nirasawa aliomba kalamu. Kwanza aliuvuta mchoro, na pembeni, polepole, akachora mshale mdogo unaoelekea kushoto, akaandika: kaskazini. Aliutazama kwa chuki kidogo, kama mtu aliyelazimishwa kubandika kibao cha jina mlangoni kwake. Halafu akafumba macho, midomo ikisogea: mwendo wa Ishigooka, wa Minori, mwezi umesogea, jua limepanda, usiku una joto zaidi kuliko ule. Akafumbua, akaandika kwa wino.

Saa sita na dakika kumi.

Minori alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake kichwani kabla kalamu haijagusa karatasi. Saa sita na dakika thelathini na tano. Mzee alikuwa amehesabu mwendo wa Ishigooka wa miaka mitano iliyopita, kabla hajapunguza uzito. Alikuwa amebana dakika ishirini na tano nzima, na kwa mwendo wowote wa kweli, dakika hizo zingeweza kuwa ndizo za kilele.

Nirasawa alikuwa anamtazama. "Haya?"

Juu ya kimeza palikuwa na kikombe cha chai ambacho Shizue alimmiminia alipoingia. Kilikuwa kimepoa. Minori alikiinua, akanywa hadi mwisho.

"Haya," alisema.